Serva ya bure: mbele ya kuipokea, uliza inakula nini

Ndugu wanamemba wa koperative, kuna swali moja linarudi kila mara tunapotembelea vikundi vya upande wa Kolwezi. Linasemwa hivi: "Kompani inabadilisha mashini zake. Banataka kutupatia serva ya zamani, bure. Tupokee ao tuache?"

Ni swali zuri. Lakini mbele ya kulijibu nitawaeleza jambo moja, kwa sababu mimi mwenyewe nililijibu vibaya, na wengine walilipia kosa langu.

MASHINI YENYE SAUTI YA NDEKE

Ilikuwa mwezi wa 5, wakati mahindi yanaanza kuingia ndani ya depo. Koperative moja ndogo ya upande wa Kapata ilipokea zawadi. Wote mnajua Kapata: ni kité iliyojengwa zamani kwa ajili ya wafanyakazi wa migodi. Leo watu wengi wa pale wanategemea shamba: mahindi, mihogo, na mboga kandokando ya mito.

Gari ilifika, vijana wawili wakashusha chuma kirefu. Kilikuwa na upana wa sentimita 48 hivi, kimo cha karibu sentimita 9, na urefu wa kwenda nyuma zaidi ya sentimita 70. Kilipita kilo 20. Ilikuwa serva, ile aina inayofungwa ndani ya kabati la chuma, moja juu ya ingine, sawa droo.

Papa Prezida wa koperative alifurahi sana. "Sasa shiye pia tuko na mashini sawa ya bakubwa," akasema. Kisha akanigeukia: "Papa Animateri, tupokee?"

Nikajibu: "Pokeeni." Sikuuliza swali hata moja.

Tulipoiwasha, feni zake zikapiga kelele kama ndeke inayotaka kuruka. Watoto wa jirani walikuja mbio kuangalia. Mama mutunza-sanduku, mwenye kuandika magunia yote ndani ya daftari lake, alisimama kwenye mlango na kusema neno moja tu: "Hii kitu inakula, miye naona."

Hatukumsikiliza. Tulimwambia aache kuandika kwenye karatasi, kwa sababu sasa yote yataingia ndani ya mashini.

Mwezi wa 9, wiki chache mbele ya kununua mbegu, umeme ulikatika ghafula wakati serva inafanya kazi. Uliporudi, diski moja ilikuwa imekufa. Ndani ya mashini hiyo diski mbili zilikuwa zimeunganishwa kama moja, kila moja ikibeba nusu ya maandishi. Ukipoteza moja, umepoteza zote mbili. Hesabu ya magunia ya karibu miezi mbili ikapotea.

Sasa kila mwanamemba alitafuta karatasi yake ndogo ya kupokelea. Wengi walikuwa nayo. Wengine hapana. Tuliitisha mkutano mkuu, watu wakaleta mashahidi. Mama mmoja alisema alileta magunia 8. Karatasi yake ilikuwa imeloana na haisomeki tena, na mashahidi wake walikumbuka 5. Alilipwa 5. Hakugombana. Aliinuka, akafunga kitenge chake vizuri, akatoka. Mpaka leo sijui kama alisema kweli ao hapana, na hapo ndipo ubaya ulipo: hakuna mtu aliyeweza kujua.

Ndiyo sababu naandika habari hii. Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Mashini inaweza kuwa daftari zuri. Lakini mashini isiyofaa kwa fasi yenu ni daftari linaloweza kufunga midomo ya watu wote siku moja.

SERVA NI NINI HASA?

Serva ni kompyuta, si kitu kingine. Tofauti yake ni kwamba ilitengenezwa ikae ikiwaka usiku na mchana, ndani ya chumba cha baridi, bila vumbi, na kutumikia watu wengi kwa wakati mmoja. Ofisi yenye kompyuta 30 inaweka maandishi yake yote ndani ya serva moja, na kila mtu anayachukua kutoka pale.

Aina ambazo kompani zinaondoa ni kama Dell PowerEdge 2950, iliyotoka mwaka 2006, ao HP ProLiant DL380 za miaka hiyo. Zamani zilinunuliwa kwa dola maelfu. Leo zinatolewa bure ao kuuzwa kwa bei ya chuma. Zina mambo mazuri: chuma chake ni kigumu, diski zinatolewa mbele bila kufungua mashini, na nyingi zina vifaa viwili vya kuingizia umeme, kimoja kikifa kingine kinaendelea.

Basi kwa nini mwenye nayo anaitupa? Mara nyingi si kwa sababu imekufa. Anaitupa kwa sababu inakula umeme mwingi kwa kazi ndogo, vipuri vyake vimeanza kuwa adimu, na programu yake haipati matengenezo tena. Windows Server 2003 iliacha kupata matengenezo tarehe 14 mwezi wa 7 mwaka 2015. Windows Server 2008 iliyofuata iliachwa tarehe 14 mwezi wa 1 mwaka 2020. Maana yake, virusi vinavyopita kwa flashi vinaingia ndani kama mbuzi ndani ya shamba lisilo na uzio.

TUFANYE HESABU YA UMEME

Serva ya miaka ile inakula kama wati 250, hata wakati hakuna mtu anaandika. Kompyuta ya kubeba, ile ya mitumba, inakula kama wati 30. Tuseme ofisi ya koperative inafungua saa 6 kwa siku:

Serva: wati 250 mara saa 6 ni wati-saa 1,500.
Kompyuta ya kubeba: wati 30 mara saa 6 ni wati-saa 180.

Sasa chukua betri moja ya kawaida ya volti 12 na ampea-saa 100. Inabeba wati-saa 1,200, lakini betri ya risasi haipendi kumalizwa. Ukitaka idumu, tumia nusu tu, ni kusema 600. Kwa 600 hizo serva itafanya kazi kama saa mbili. Kompyuta ya kubeba itafanya kazi siku tatu za saa 6.

Mkiiacha serva iwake usiku na mchana, kama ilivyotengenezwa, itakula kilowati-saa 6 kila siku. Kuilisha kwa jua peke yake mngehitaji kama paneli 16 za wati 100, pamoja na betri nyingi za usiku. Kompyuta ya kubeba, taa mbili na simu za wanamemba vinatosheka na paneli moja ya wati 100 siku yenye jua zuri.

Kuna watu watasema: "Lakini umeme unatoka hapa hapa kwetu!" Ni kweli. Barrage ya Nzilo ilianza kutoa umeme mwaka 1952 na ile ya Nseke mwaka 1956, zote mbili juu ya mto Lualaba. Hata hivyo, mtu wa Kapata anajua kwamba kuona nguzo za umeme zikipita juu ya kichwa chako si kuwa na umeme ndani ya nyumba. Migodi inavuta mwingi, na kité zinangoja.

Koperative yetu ilipokosa umeme iliwasha jenereta. Jenereta ndogo ya petroli ilikuwa inakunywa kama nusu lita kila saa kwa ajili ya serva ile. Saa 6 kwa siku, siku 5 kwa wiki: lita 15. Kwa mwezi, lita 60. Chukueni bei ya petroli hapo kwenu leo, mzidishe mara 60, kisha muulize: hiyo ni mifuko mingapi ya mbolea? Zawadi ya bure ilikuwa inakula shamba kila mwezi.

KOPERATIVE INAHITAJI NINI KWA KWELI?

Tuhesabu tena, mara hii si umeme, ni maandishi. Tuseme muko wanamemba 100, na kila mmoja anafanya mambo 30 kwa mwaka: kuleta gunia, kuchukua mbegu, kulipa mchango, kulipwa. Hiyo ni mistari 3,000 kwa mwaka.

Excel ya mwaka 2003 ilikuwa na nafasi ya mistari 65,536 kwenye ukurasa mmoja. Ni zaidi ya miaka 20 ya kazi yenu yote. Na flashi ndogo kabisa ya sokoni inaweza kubeba daftari kama hilo mara maelfu.

Kwa hiyo nguvu ya serva haiwafai kitu. Ni kama kukodi lori ya mgodi kwa kupeleka kikapu cha nyanya sokoni. Nyanya zitafika, lakini nani atalipa mafuta?

Kitu koperative inahitaji si nguvu. Inahitaji mambo matatu: maandishi yasipotee, mtu zaidi ya mmoja aweze kuyasoma, na kila mwanamemba aweze kuona mstari wake. Hata sheria inadai jambo hili. Sheria ya OHADA juu ya koperative ilipitishwa Lomé tarehe 15 mwezi wa 12 mwaka 2010, na Kongo yetu iliingia OHADA mwaka 2012. Iwe koperative ndogo ya watu 5 kwenda mbele, SCOOPS, ao ile yenye baraza la uongozi ya watu 15 kwenda mbele, COOP-CA, vitabu vya hesabu vinapaswa kutunzwa miaka 10. Serva iliyokwisha kutumikia wengine miaka 15 haiwezi kuwapa ahadi ya miaka 10 ingine.

MASWALI MATANO MBELE YA KUPOKEA

1. Iko na karatasi? Hapa Lualaba, kitu kinachotoka ndani ya kompani kinahitaji karatasi ya ruhusa ya kutoka, na barua ya zawadi yenye jina la koperative, namba ya mashini na muhuri. Bila hiyo, siku moja mtu atawaita wezi, na hamtakuwa na la kujibu.

2. Inakula wati ngapi? Msikubali jibu la mdomo. Kuna kifaa kidogo cha kupimia umeme kinachochomekwa ukutani. Ulizeni fundi wa paneli za jua kama anacho. Pimeni mashini ikiwaka, kisha mfanye hesabu kama hapo juu.

3. Diski ziko hali gani? Feni na diski ndivyo vitu vinavyozunguka na kuchoka. Vumbi jekundu la kiangazi, lile linaloinuliwa na malori, linaziba feni, joto linapanda, na joto linaua diski. Ulizeni pia zimeunganishwa namna gani. Namna nzuri kwenu ni ile ambayo diski mbili zinaandika kitu kimoja, ili moja ikifa ingine ibaki. Namna ya kugawa nusu kwa nusu, ile ya hadithi yetu, iacheni kabisa.

4. Betri ndogo ya saa inafanya kazi? Ndani kuna betri ya duara, kama ya saa ya mkono, inaitwa CR2032. Ikikufa, kila umeme unapokatika mashini inasahau tarehe. Kwetu ilitokea: risiti za mwezi wa 6 zilitoka na mwaka wa zamani kabisa. Betri hiyo ni ya bei ndogo, lakini risiti yenye tarehe ya uongo inaweza kuleta kesi kubwa.

5. Nani ataitengeneza? Mtajeni kwa jina, na namba yake ya simu iandikwe. Kama ni kijana mmoja tu, na siku moja akaenda Lubumbashi kutafuta kazi, serva itabaki meza ya kuwekea magunia.

Jibu moja likiwa baya, shukuruni kwa heshima na muache. Kukataa zawadi si dharau. Mnaweza kusema: "Asante, lakini kama muko na kompyuta za kubeba za zamani, hata zenye betri iliyokufa, hizo zitatusaidia zaidi." Kompani inayobadilisha serva mara nyingi inabadilisha pia kompyuta za wafanyakazi.

NA KAMA MULIKWISHA KUIPOKEA?

Msiitupe, na msiipige moto ili kupata shaba. Moshi wa nyaya ni sumu kwa wapigaji na kwa watoto wanaocheza karibu, na risasi iliyo ndani inabaki kwenye udongo na mayi ambayo ninyi mnayanywesha mboga.

Fungueni mashini ikiwa imezimwa na waya umetolewa, muondoe vumbi kwa brashi laini. Fundi anaweza kutoa prosesa moja kama ziko mbili, na kuacha kifaa kimoja cha umeme. Itapunguza kula, ingawa si sana.

Futeni diski zote kabisa kabla ya kuitumia. Ndani yake kunaweza kubaki mishahara na majina ya wafanyakazi wa kompani. Hayo si yenu. Tangu mwaka 2023 nchi yetu iko na Code du numérique, sheria inayolinda habari za watu.

Wekeni Linux, kwa mfano Debian, pamoja na LibreOffice. Zote mbili ni bure, na fundi anaweza kuzileta kwenye flashi bila intaneti.

Kisha iwasheni siku moja tu kwa wiki, tuseme Ijumaa, kwa kuweka nakala ya maandishi ya wiki, halafu muizime vizuri. Msiizime kwa kuchomoa waya. Kwa kazi hiyo ya sanduku la akiba inaweza kuwafaa, mradi isiwe sanduku pekee.

Sisemi serva ni mbaya kila fasi. Muungano wa koperative wenye ofisi mjini, meza 10 ao zaidi, umeme usiokatika ovyo na fundi wa kudumu, unaweza kuitumia vizuri. Lakini hata huko serva yenye umri mdogo, ao kompyuta ya kawaida ya mezani, itafanya kazi ileile kwa umeme mdogo zaidi.

KAPATA LEO

Koperative ya hadithi yetu ilibadilisha njia. Walinunua kompyuta moja ya kubeba ya mitumba. Mama mutunza-sanduku alirudia daftari lake la karatasi, na hakuna mtu anayemwambia tena aliache. Jioni kijana mmoja anaingiza mistari ya siku ndani ya kompyuta, mama akimsomea. Ijumaa wanaweka nakala kwenye flashi mbili. Moja inabaki kwa Papa Prezida, ya pili inalala kwa mama, ndani ya kopo la maziwa lenye kifuniko, mbali na panya na mayi. Mwisho wa mwezi ukurasa unachapishwa kule mjini na kubandikwa mlangoni mwa depo: jina, magunia, deni. Kila mmoja anasoma wake, na asiyejua kusoma anasomewa mbele ya wengine.

Serva walipelekea shule ya ufundi, diski zikiwa zimefutwa. Vijana wanaifungua na kuifunga wanajifunza. Hapo inaleta faida, kwa sababu haikai ikiwaka.

Yule mama wa magunia 5 alirudi kuleta mahindi mwaka uliofuata. Gunia la kwanza lilipowekwa kwenye mzani, hakuangalia mzani. Aliangalia kalamu. Aliposikia jina lake limeandikwa, akasema: "Soma tena." Mama mutunza-sanduku akasoma tena.

Ndugu wanamemba, nina ombi moja kwenu wiki hii. Chukueni nakala yenu ya akiba, flashi ao diski, muichomeke kwenye kompyuta ingine kabisa, muifungue. Tafuteni jina la mwanamemba mmoja na gunia lake la mwisho. Mkilipata, asante Mungu, endeleeni hivyo. Msipolipata, anzeni kuandika tena leo jioni, hata kwa kalamu, mbele mvua haijanyesha na mbegu hazijanunuliwa.